Potwe hawaondoki Mafia, sisi ndo tunaacha kuwaona

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama inawezekana usinikatie sana manake hili jambo haliwezi kusemwa kwa mistari mitatu. Mi ni mtu wa Mafia, hapa hapa Kilindoni, nimevua jarife, ile nyavu ya macho makubwa ya papa na samaki wakubwa, nikavua ringineti, nyavu ya kuzungushia dagaa, miaka mingi, afu nikahamia kwenye kazi ya kupeleka wageni kuangalia potwe. Kwa msomaji wa bara ambaye hajamuona, potwe ni yule papa mwenye madoa meupe mgongoni, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na pamoja na ukubwa wake chakula chake ni uduvi na vidagaa tu, mtu hamgusi.

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu hivi, upepo wa kaskazi umelegea, wageni wamepungua, maneno yanaanza: potwe wameondoka. Utayasikia dikoni, pale tunaposhusha samaki, utayasikia redioni, utayasoma na kwenye magazeti, la kwako likiwemo. Na kuna miaka watu wanaongeza kabisa kwamba wamepungua, wanakwisha, afu mwaka unaofuata wakionekana wengi wiki mbili mfululizo wale wale wanasema wameongezeka. Hilo ndo limenifanya nishike simu niandike.

Nianze na usiku mmoja. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, tumetoka watu watano na jarife, tukaenda mbali upande wa magharibi mpaka taa za Kilindoni zikawa zinaonekana na kupotea kila chombo kinaposhuka kwenye wimbi. Tukalaza nyavu, tukakaa. Kama saa nane usiku kamba ikavutwa, lakini sio ule uvutaji wa papa wa kawaida anayepigapiga, hii ilikuwa kama chombo chetu kimefungwa nyuma ya chombo kingine, kinaenda polepole ila hakisimami. Tukavuta, kila mtu moyoni anajua leo tumepata. Tochi ilipomulika maji nikaona madoa. Meupe, yamepangana mistari, na mgongo mpana kuliko chombo chetu kilivyo kipana, na nyavu imemzunguka kwenye pezi la ubavuni. Tulikata nyavu, kipande kikubwa tu, na kesho yake tajiri wa chombo alitusema mpaka nikatamani ningekaa nyumbani. Lakini nakumbuka nilivyoweka kiganja kwenye ile ngozi, inakwaruza kama msasa, na nakumbuka alivyoshuka chini bila haraka yoyote mpaka yale madoa yakazimika moja moja.

Asubuhi nikasimulia dikoni. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniambia mwanangu, mwezi wa saba potwe hayupo, umeona kitu kingine. Nikanyamaza. Mkubwa akishasema hayupo utabishana nae vipi, na isitoshe hata mimi mwenyewe mchana nilikuwa napita baharini miezi hiyo yote na sijawahi kuona hata pezi.

Miaka ikapita wakaja watafiti, wakiwemo wa kile chuo kikuu cha Saudi Arabia kinachoitwa KAUST. Kuanzia 2012, kwa muda wa miaka miwili, walifanya vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kile tunachofanya sisi sote, kutoka na boti, kuangalia, kuandika umeona wangapi na wapi. Cha pili, waliwachomekea potwe tegi, kifaa kidogo kinachotoa mlio ambao sisi hatuusikii, na kila tegi ina mlio wake wa utambulisho, afu wakazamisha risiva chini baharini sehemu mbalimbali, potwe mwenye tegi akipita karibu risiva inaandika nani kapita, siku gani, saa ngapi. Risiva hailali, haijali kusi wala usiku wala kama kuna mgeni amelipa.

Matokeo yalichapishwa 2015 na mi nilivyoelezwa nilikaa chini. Kwa macho, potwe walionekana mwezi wa kumi mpaka wa pili, miezi mingine hakuna hata mmoja. Kwa masikio ya zile risiva, potwe wale wale walisikika mwaka mzima. Hawakwenda Msumbiji wala Ushelisheli, walikuwepo hapa hapa. Kilichobadilika ni tabia yao tu, kusi ikiingia wanasogea mbali na ufukwe na wanaogelea chini zaidi, na watafiti wanadhani ni kwa sababu chakula ndo kimehamia huko. Mtu aliyekaa kwenye boti juu ya maji anaangalia, haoni kitu, anaandika sifuri, na ile sifuri inasafiri mpaka mjini inakuwa habari kwamba wameondoka.

Yule mzee alishafariki kabla sijaweza kumwambia. Hakuwa mwongo, alisema alichokiona miaka sitini ya maisha yake baharini, tatizo ni kwamba potwe hana deni la kujionyesha. Pomboo lazima apande juu apumue, nyangumi lazima apande, nguva lazima apande, ila potwe ni samaki, anapumua kwa matamvua, anakuja juu akiwa na sababu zake, na kubwa ni chakula. Uduvi ukikaa juu nae atakaa juu kinywa wazi mchana kutwa tumpige picha, uduvi ukishuka anashuka nao. Huko duniani wameshampima potwe mmoja akizama zaidi ya mita 1,900. Sasa sisi na miwani yetu ya kuzamia tunaona mita ngapi? Maji ya upande huu tunaopakana na delta ya Rufiji, mvua zikinyesha huko juu, tope likishuka, kuna siku huoni hata mkono wako ukiunyoosha.

Na hata ndani ya msimu wenyewe, mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wamejaa, bado tunachohesabu sio potwe, tunahesabu wale wanaokubali kuhesabiwa. Hapa naomba nieleze kidogo kwa sababu ndo kazi yangu ya kila siku. Kumtambua potwe mmoja mmoja wanatumia picha ya madoa, ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, manake madoa hayafanani kati ya potwe na potwe kama ambavyo alama za vidole hazifanani kati ya mtu na mtu, na programu inayolinganisha zile picha imetokana na hesabu ya wataalamu wa anga ya kulinganisha nyota. Kitu kizuri sana. Lakini picha inataka potwe akae. Tunaye mmoja tunamjua kwa pezi lake la juu limemeguka ncha, huyo chombo kikisimama anakuja mwenyewe, anapita chini ya boti, anageuka, anarudi, wageni wanampiga picha mpaka betri zinaisha. Na wapo wengine, nimewaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, mtu wa kwanza akiingia tu majini anainamisha kichwa na kwenda, unabaki na picha ya mkia ndani ya tope. Yule wa pezi lililomeguka kwa msimu mmoja ataingia kwenye kumbukumbu mara nyingi hujui hata idadi, na hawa wengine unaweza ukamaliza msimu hawana hata picha moja ya ubavu wa kushoto. Kwenye karatasi hawapo. Watafiti wazuri wanalijua hili na wana hesabu zao za kulirekebisha, ila ile namba ikitoka kwao ikapita kwa ofisa, kwa mwenye hoteli, kwa mwandishi, inafika kwetu imeshavuliwa maelezo yote, imebaki namba tupu.

Afu kuna tabia ya watu nayo imechanganyika humo humo. Sisi manahodha wa wageni tukiamka alfajiri kitu cha kwanza ni kupiga simu kwa wavuvi wa dagaa, jamani leo mmemuona wapi, kwa sababu wavuvi na potwe wanatafuta kitu kimoja, penye dagaa yupo yeye na zipo ringineti. Kwa hiyo tunamuona pale walipo wavuvi. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa taa, wale wanaovuta dagaa kwa mwanga, hawatoki, asubuhi hakuna wa kumpigia, tunazunguka tunachoma mafuta tunarudi na wageni wamenuna, na daftari la siku hiyo linasema sifuri. Je, potwe wanapotea kila mwezi ukiandama na kukua? Na siku boti zikiwa nyingi juu ya mnyama mmoja, mashine zinanguruma, watu wanaruka kutoka pande zote, anazama, na boti ya nne inayofika inaandika hakuna kitu. Hilo la boti kurundikana linaniuma kwa sababu nimeshakuwa mmoja wao, nimeshawahi kusogea karibu kuliko inavyotakiwa kwa kuwa mgeni alikuwa na siku moja tu na alitoka mbali.

Jambo lingine ambalo huwa halisemwi, potwe wengi wa hapa Mafia ni madume ambayo bado hayajakomaa. Majike makubwa wako wapi? Wao wana tabia yao na sehemu zao. Kwa hiyo hata tungewahesabu wa hapa wote bila kumkosa mmoja, bado tungekuwa tumehesabu vijana wa mtaa mmoja tu.

Najua mtu atasema haya ni mambo ya baharini, nchi kavu mnyama anaonekana. Basi nimkumbushe ya tembo wa Ruaha na Rungwa. Mwaka 2013 hesabu iliyofanywa kutoka kwenye ndege ilitoa tembo 20,090. Mwaka 2014 ikatoa 8,272, nchi nzima ikashtuka, na ilikuwa haki kushtuka. 2015 wakarudia, wakapata 15,836. Tembo anabeba mimba miezi 22, hawawezi kuzaliana maelfu saba kwa mwaka mmoja, haipo. Basi ama kuna waliosogea na kurudi, ama walikuwa chini ya miti ndege inapita hawaonekani, ama wamejikusanya makundi makubwa machache na mistari ya ndege ikawakosa, manake ndege haipiti kila mahali, inapita kwa mistari afu wanapiga hesabu ya eneo lote. Tembo wakitawanyika hiyo hesabu inakaa vizuri, wakikusanyika namba inayumba vibaya sana. Na tembo anayewindwa anabadilika, anajikusanya, anatembea usiku, anakaa msituni mchana, kwa hiyo ujangili wenyewe unaweza ukaharibu hesabu ambayo ndo ilitakiwa itwambie ujangili umefika wapi.

Hapa nataka nisieleweke vibaya, na pengine ndo sehemu muhimu kuliko zote kwenye barua hii. Sisemi kwamba asiyeonekana yupo. Hilo neno limeshatumika vibaya, kila wanyama wakipungua kuna mtu atasimama na kusema hawajafa, wamehama tu, watarudi. Tembo waliouawa miaka ile waliuawa, mizoga ilionekana, hakuna tabia ya kujificha inayofuta hilo. Potwe nae IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, walimuweka 2016 kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, kwa makadirio kwamba wamepungua zaidi ya nusu duniani kwa muda wa kama miaka 75, kwa hiyo mi sileti habari ya kutuliza watu walale. Ninachosema ni kwamba kosa lipo pande zote mbili, unaweza ukamwandika hayupo na yupo, unaweza ukasema katulia mahali na kumbe ameisha, na kitu pekee kinachotenganisha hayo mawili ni kujua mnyama mwenyewe anaishije kabla hujaanza kuhesabu.

Angalia nguva. Kati ya delta ya Rufiji na Kilwa ndo sehemu yetu ya mwisho ya kumpata, na Desemba 2022 nguva wa pwani yetu ya Afrika Mashariki alitangazwa yupo kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Huyu anapanda kupumua, ndio, lakini anapandisha pua tu, sekunde chache, mawimbi yakiwepo huwezi kutofautisha, na akisikia mashine anakaa chini anapotea. Nimeishi baharini maisha yangu yote na nimemuona hai mara mbili. Wengi wanaojua kwamba bado yupo ni wale waliomkuta ameshakufa kwenye jarife, na hao hawasemi, kwa sababu kumvua ni kosa na mtu anaogopa kukamatwa kwa kitu ambacho hakukikusudia. Hapo kujificha ni kuwili, mnyama anajificha na anayejua anajificha, halafu juu yake ndo tunataka namba.

Kasa wa kisiwa cha Juani, hapa hapa Mafia, nao, watu wanahesabu mashimo ya mayai wanasema mwaka huu kasa wengi, mwaka huu wachache. Dume hapandi ufukweni kabisa. Jike mmoja anachimba zaidi ya mara moja kwa msimu, afu anaweza kukaa miaka miwili mitatu bila kurudi kutaga. Mashimo machache mwaka huu peke yake hayasemi kwamba kasa wamekufa, mpaka uangalie miaka mingi.

Na kule Rungwe wapo nyani wanaitwa kipunji. Wenyeji walikuwa wanamtaja, wanajua anakaa juu ya miti na ana haya, watafiti walianza kumfuatilia 2003 na 2005 ndo dunia ikatangaziwa kwamba kuna aina mpya. Mpya kwa nani? Nikisoma habari kama hiyo namkumbuka yule mnyama wetu wa mwezi wa saba.

Sasa kwa nini napiga kelele zote hizi, si utalii utaendelea tu msimu ukija. Ni kwa sababu ya nyavu. Tukishaamini kwamba kusi potwe hawapo, hakuna anayefikiria habari zao miezi hiyo. Mikutano ya kuwalinda inafanyika kaskazi, doria zinakumbukwa kaskazi, semina za wavuvi kaskazi, wageni wapo na hela ipo. Kusi ndo wako mbali na ufukwe, chini, usiku, penye majarife, na hakuna mtu anayeangalia. Yule tuliyemkatia nyavu alikuwa na bahati kwamba nahodha wetu alikuwa na huruma na chombo hakikuwa na deni kubwa. Na watu wengi wanadhani potwe yupo ndani ya hifadhi, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ipo tangu 1995 ni kweli, lakini ipo upande wa Chole na Utende kule, sisi potwe tunawaona zaidi upande huu wa Kilindoni ambao ni nje.

Ombi langu kwako Mhariri, mwandishi wako akiletewa namba ya wanyama aulize walihesabu vipi, mwezi gani, walitoka mara ngapi, bahari ilikuwaje, na mnyama huyo miezi ambayo haonekani anakuwa wapi. Maswali hayo hayachukui hata dakika tano na yataibadilisha habari yote. Kwa wanaopanga mambo ya bahari, kusi nayo ihesabike kwenye mipango, na wavuvi wa jarife wakae mezani sio kuitwa mwishoni kuambiwa. Kwa BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari, liwepo daftari pale dikoni, mvuvi akimnasa potwe au nguva aandike tarehe, sehemu, kina cha nyavu, alikuwa hai au amekufa, na asigeuzwe mshtakiwa kwa kusema ukweli, manake siku wa kwanza akishtakiwa ndo siku daftari limekufa.

Mi la kwangu nimeshaanza, daftari la kawaida la shule, sina cheo wala mradi. Kusi iliyopita wavuvi wanne walikuja nyumbani wenyewe wakaniambia walivyomnasa potwe, mmoja alikuja saa tano usiku na nguo bado zina chumvi. Mwezi wa sita mara moja, wa saba mara mbili, wa nane mara moja, wote usiku, wote mbali na ufukwe, wote waliachiwa wakiwa hai. Mwandishi wako akija Kilindoni aulize tu nahodha mwenye daftari, nitamfungulia asome.

Nahodha,
Kilindoni, Mafia